Zawadi Isiyoshikika: Uhakiki wa Lugha ya Tuzo za Kampuni za Simu

1. Suala lenyewe

Katika maandishi yanayosomwa kila siku na wasemaji wa Kiswahili, ni machache yanayomfikia msomaji kwa wingi na bila kuombwa kama ujumbe mfupi wa kampuni ya simu. Kitabu hutafutwa, gazeti hununuliwa, ujumbe wa kampuni huja wenyewe, hukaa mfukoni, na hulia ili usomwe. Hata hivyo ni mara chache wahakiki wa lugha kuushughulikia. Utenzi, riwaya na hotuba za wanasiasa huchambuliwa neno kwa neno, ilhali matini fupi inayosomwa saa moja na mchuuzi, mwanafunzi na profesa hupita kana kwamba si matini.

Makala haya yanachunguza aina moja tu ya ujumbe huo: ule unaomtangazia mteja kwamba kampuni imempa zawadi kwa sababu ya uaminifu wake. Zawadi hizo zinajulikana kwa usumbufu wake. Ni dakika za kupiga simu kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Ni mega za intaneti zinazokufa baada ya saa 24. Ni yuniti zisizoweza kumpigia mtu aliye kwenye mtandao mwingine. Ni pointi zinazokusanywa kwa miaka na ambazo, siku ya kuzitumia, hununua vitu vichache vilivyochaguliwa na mtoaji. Anayezipokea hulazimika kuamka usiku, kubadili mipango yake au kukariri namba za kubonyeza, ili afaidi kile alichoambiwa kuwa ni chake tayari.

Malalamiko juu ya usumbufu huo ni mengi, na kwa kawaida huishia katika hukumu ya tabia: ama kampuni ni bahili, ama mteja hana shukrani. Hoja ya makala haya ni nyingine. Usumbufu wa zawadi hizo una mzizi katika neno lenyewe. Kampuni huita zawadi kitu ambacho katika daftari za hesabu ni deni, na usumbufu ni njia mojawapo ya kulifanya deni hilo liwe jepesi bila kulikana. Anayelichagua neno hilo kwa Kiswahili, yaani mfasiri, ni mshiriki katika kazi hiyo. Na kwa kuwa mfasiri hutafutwa miongoni mwa waliosomea lugha, jambo hili linaihusu idara ya Kiswahili kabla ya kulihusu soko.

2. Umbo la ujumbe

Jumbe za aina hii hutofautiana kwa maneno, lakini umbo lao ni moja. Lina sehemu nne: pongezi, tendo, kipimo na sharti.

Pongezi hufungua: «Hongera!» Katika desturi, mtu hupongezwa kwa jambo lililotangulia pongezi. Mzazi hupewa hongera kwa kujifungua, mwanafunzi kwa kufaulu, maharusi kwa kuoana. Katika ujumbe wa kampuni hakuna jambo lililotangulia. Mteja hajafanya lolote ila kununua na kutumia, kama alivyofanya jana na juzi. Anapongezwa kwa kuupokea ujumbe unaompongeza.

Baada ya pongezi huja tendo: «umepata», «umepewa», au «umezawadiwa». Hapa sarufi inastahili kusomwa kwa makini. Kiambishi -me- katika Kiswahili huonyesha tendo lililotimia na ambalo matokeo yake yapo wakati wa kusema. Asemaye «mgeni amefika» anasema kwamba mgeni yupo. Kwa hiyo «umepata dakika 20» ni kusema kwamba dakika hizo zipo mkononi mwa msomaji. Lakini asomaye ujumbe huo saa nane mchana hana dakika hata moja. Atakuwa nazo iwapo atakuwa macho usiku wa manane, iwapo simu yake itakuwa na moto, na iwapo yule anayetaka kusema naye atakuwa macho vilevile. Jambo ambalo kwa kweli lingehitaji -ki- na -ta- («ukiamka, utapata») limevikwa vazi la -me-.

Mwanafalsafa J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962 baada ya kifo chake, alionyesha kwamba baadhi ya kauli hazielezi tendo bali ndizo tendo: kuahidi, kuapa, kutoa jina, kuusia. Aliongeza kwamba kauli kama hizo zina masharti ya kufaulu, na pasipo masharti hayo tendo halitendeki ingawa maneno yametamkwa. Kwa kipimo hicho, «umepewa» ya kampuni haiwi tendo la kutoa. Ni ahadi yenye sharti iliyojifanya kuwa utoaji. Kiswahili hakina shida na ahadi. Kinazijua vizuri, na kimezipa hukumu yake kwa methali: ahadi ni deni. Pengine ndiyo sababu ujumbe hukwepa kujiita ahadi.

Kipimo ndicho sehemu yenye sauti kubwa. Wingi wa mega au wa dakika hutangulia. Muda wa kuzitumia hufuata kwa sauti ya chini. Hapo pana mtego mwingine ambao mfasiri huongeza bila kukusudia. Kongo hutumia saa za Kifaransa katika maandishi ya ofisi, kuanzia 00 hadi 23. Msemaji wa Kiswahili huhesabu saa zake kutoka macheo na machweo. Mfasiri akikuta zawadi inayokoma saa 05:00 akaandika «hadi saa 5», msomaji ataelewa saa tano, iwe ya asubuhi au ya usiku, naye atakosea kwa saa sita. Zawadi itakuwa imekwisha kabla hajaigusa, na kosa litaonekana kuwa lake. Usumbufu wa aina hiyo haukubuniwa na mhandisi wala na mfanyabiashara. Umezaliwa katika tafsiri.

Mwisho ni sharti. Katika matangazo ya Tanzania limekuwa maarufu kiasi cha kufanyiwa mzaha: «Vigezo na masharti kuzingatiwa.» Sentensi hiyo haina nafsi wala njeo. Kitenzi kimeachwa katika hali ya kitenzijina, tena ya kutendwa, na mtendaji hayupo. Kuzingatiwa na nani? Na mteja peke yake, au na kampuni pia? Lini, na mbele ya shahidi gani? Katika mkataba wowote unaostahili jina hilo, kila wajibu una mwenyewe. Hapa wajibu unaelea, na kila unapotua hutua juu ya msomaji.

3. Zawadi, tuzo, hiba

Kiswahili hakina uchache wa maneno ya kutoa. Kina zawadi, tuzo, hiba, tunu, hidaya, bahashishi, ruzuku, sadaka, na kila moja lina desturi yake. Utajiri huo unamwezesha mhakiki kuuliza swali jepesi: kati ya maneno hayo, ni lipi linaloifaa zawadi ya kampuni?

Zawadi hunasibishwa na neno la Kiarabu lenye maana ya masurufu ya safari. Hadi leo msafiri anayerudi nyumbani hutazamiwa kuja na zawadi, na thamani yake haipo katika bei. Ipo katika ukweli kwamba aliyekuwa mbali alimkumbuka aliyebaki, akabeba mzigo kwa ajili yake. Taabu ni ya mtoaji. Katika zawadi ya kampuni mambo yamegeuka: mtoaji amekaa, na anayebeba mzigo wa usiku, wa haraka na wa kukariri namba ni mpokeaji.

Tuzo hutokana na kutuza, na kutuza kuna uwanja wake. Mwimbaji wa taarabu hutuzwa mbele ya watu kwa sababu sauti yake imewagusa. Mcheza ngoma hutuzwa kwa ustadi wake. Tuzo hutaka tendo la sifa na macho ya kulishuhudia. Kampuni ya Vodacom ya Tanzania ililichagua neno hilo iliposema juu ya pointi zake, ikaziita Tuzo Pointi. Uteuzi huo ni mzuri kwa sikio, lakini tendo linalotuzwa ni matumizi ya fedha, na shahidi wake ni kompyuta ya kampuni yenyewe.

Hiba ni neno la sheria, na kwa hiyo ndilo lenye msaada mkubwa zaidi. Katika fikihi, hiba hutimia kwa mambo matatu: mtoaji atamke kwamba anatoa, mpokeaji akubali, na kitu kishikwe na mpokeaji. Pasipo kushika, hiba haijatimia. Sheria ya kiraia ya Ufaransa ya mwaka 1804 ilifika karibu na hapo kwa njia nyingine: kifungu chake cha 894 kinaeleza kwamba anayetoa hujivua kitu sasa hivi na bila kukirudia. Mapokeo mawili yaliyokutana katika Afrika ya Kati, moja kutoka pwani na jingine kutoka Ulaya, yanakubaliana basi juu ya jambo moja: aliyetoa ameachia. Zawadi ya simu haishikiki kwa maana hiyo. Kwa kawaida mteja hawezi kuiuza, wala kuiweka kwa ajili ya siku ya haja, na mara nyingi hawezi hata kumpa mwanawe. Mtoaji hajaiachia, ameilegeza tu, na kamba ingali mkononi mwake.

Yawezekana mtu akajibu kwa kumtaja Marcel Mauss, ambaye katika insha yake maarufu juu ya zawadi, iliyotoka katika jarida la *L'Année sociologique* la miaka 1923-1924, alionyesha kwamba hakuna zawadi isiyo na kamba: kuna wajibu wa kutoa, wa kupokea na wa kurudisha. Ikiwa kila zawadi ina masharti, kampuni ina kosa gani? Jibu ni kwamba katika mifano ya Mauss heshima ya mtoaji ndiyo iliyo hatarini. Mkuu anayetoa kidogo, au anayetoa kwa namna ya kumtaabisha mgeni, hushuka mbele ya watu. Tena, mrejesho huja baada ya zawadi, kwa wakati unaochaguliwa na aliyepokea. Hapa mrejesho umetangulia: mteja amekwisha kulipa kabla ya kupewa. Na mtoaji hashuki hata kidogo zawadi yake isipotumika; kinyume chake, hupata nafuu.

4. Kisa cha pointi za Bonga

Mfano unaojulikana zaidi katika eneo la Kiswahili ni wa Kenya. Mwaka 2007 kampuni ya Safaricom ilianzisha mpango ulioitwa Bonga Points. Jina lilichukuliwa katika lugha ya vijana wa Nairobi, ambamo kubonga ni kuzungumza. Mteja alijipatia pointi moja kwa kila shilingi 10 alizotumia, na pointi hizo ziliweza kubadilishwa kwa muda wa maongezi, jumbe fupi, mega, au simu na vifaa vingine katika maduka ya kampuni. Wazo halikuwa jipya duniani. Nchini Marekani kampuni ya Sperry & Hutchinson iliuza stempu za kijani kwa wenye maduka tangu mwaka 1896, nao waliwapa wateja wao wazibandike katika vitabu hadi zitoshe kupata vyombo vya nyumbani; na mwaka 1981 shirika la ndege la American Airlines lilianza kuwahesabia abiria wake maili. Kilichokuwa kipya ni lugha: mpango wa kibiashara ulijiita kwa neno la kijiweni, na ukapokewa kama rafiki.

Haba na haba hujaza kibaba, na pointi zilijaa. Wateja wengi waliziacha zikae, wengine kwa kutojua namba ya kubonyeza, wengine kwa kuona kwamba vitu vilivyotolewa havikuwa haja yao. Kisha ikaja miaka miwili ambayo inafaa kusomwa pamoja.

Mwaka wa kwanza ni 2020. Mnamo mwezi wa Aprili, janga la Korona lilipokuwa limewafungia watu kazi, kampuni iliruhusu pointi zitumike kununulia chakula na mahitaji mengine katika maduka ya kawaida. Pointi iliyokuwa ikinunua maongezi sasa ilinunua unga. Tendo hilo lilistahili sifa, na lilisifiwa. Lakini kwa msomaji wa lugha lilifichua jambo: ugumu wa kuzitumia pointi haukuwa maumbile yake. Ulikuwa uamuzi, na uamuzi ungeweza kubadilishwa.

Mwaka wa pili ni 2022. Mnamo mwezi wa Oktoba kampuni ilitangaza kwamba, kuanzia tarehe 1 Januari 2023, pointi zilizokaa zaidi ya miaka mitatu bila kutumika zingefutwa. Wateja walilalamika kwa nguvu, na kabla ya tarehe hiyo kufika mpango ukasimamishwa. Ugomvi ule ulikuwa kwa kweli ugomvi wa neno. Ikiwa pointi ni zawadi, mtoaji ana haki ya kusema zawadi yake inakoma lini, naye mpokeaji akilalamika huonekana mwenye tamaa. Ikiwa ni mali ya mteja aliyokwisha kuilipia, kuifuta ni jambo lenye jina jingine kabisa.

Wahasibu walikuwa wamekwisha kulijibu swali hilo. Mwaka 2007, mwaka uleule wa Bonga, kamati inayofafanua viwango vya kimataifa vya hesabu ilitoa ufafanuzi uitwao IFRIC 13, uliohusu hasa mipango ya kuwatuza wateja na ulioanza kutumika kwa miaka ya hesabu iliyoanza tarehe 1 Julai 2008 na baada yake. Tangu mwaka 2018 nafasi yake imechukuliwa na kiwango IFRS 15. Kwa ufupi, kanuni ni hii: mteja anaponunua na kupata pointi, sehemu ya fedha alizolipa ni bei ya pointi zile. Kampuni hairuhusiwi kuiandika sehemu hiyo kuwa mapato hadi itimize wajibu wake. Iandike kuwa ni deni. Kanuni hizo hizo huruhusu kukadiria ni pointi ngapi hazitadaiwa kamwe, na kadirio hilo huingia katika hesabu ya mapato.

Basi kitu kimoja kina majina mawili. Katika daftari la mhasibu ni deni. Katika simu ya mteja ni zawadi. Na kila kinachomchelewesha mteja, kinachomchosha au kinachomsahaulisha, huongeza idadi ya pointi zisizodaiwa, na kwa hiyo hupunguza uzito wa deni. Si lazima kudai kwamba kila saa ya usiku na kila namba ya kubonyeza ilibuniwa kwa nia hiyo. Inatosha kuona kwamba aliye na uwezo wa kuuondoa usumbufu ndiye anayefaidika ukibaki.

5. Uaminifu na amana

Neno jingine linalostahili kuchunguzwa ni uaminifu. Mipango hii yote husema kwamba inamtuza mteja mwaminifu. Neno limetafsiriwa kutoka lugha za Ulaya, ambako maana yake ya kibiashara ni kurudi kwa muuzaji yuleyule. Kiswahili kina njia nyepesi ya kusema hivyo: mteja wa kudumu, mteja wa siku nyingi. Lakini uaminifu wa Kiswahili ni neno zito zaidi.

Linatoka katika shina moja la Kiarabu na amini, imani, amani na amana. Ndugu yake wa karibu ni hili la mwisho. Amana ni mali iliyowekwa kwa mtu aitunze, na mwaminifu, kwa maana yake kamili, ni yule ambaye mali ya mwingine ikiwekwa mikononi mwake hurudi nzima mwenyewe anapoihitaji. Uaminifu basi hupimwa upande wa anayeshika, haupimwi upande wa aliyeweka. Hakuna anayemwambia aliyeweka fedha zake kwa mwenye duka: «Wewe ni mwaminifu, kwa kuwa uliniachia mali yako.» Swali ni kama mwenye duka atairudisha.

Pointi, yuniti za ziada na dakika zilizokwisha kulipiwa ziko kwa nani? Ziko kwa kampuni. Kwa mantiki ya neno lenyewe, kampuni ndiyo iliyoshika amana, na uaminifu unaotakiwa ni wake. Matangazo yamelipindua neno: anayedaiwa uaminifu ni yule aliyeweka, na aliyeshika amejipa kazi ya hakimu anayeutuza.

Mpinduo huo si wa nadharia tu kwa msomaji wa Kongo. Kati ya mwaka 2020 na mwaka 2022, yuniti zilikatwa katika simu za Wakongo kwa ajili ya RAM, yaani tozo ya rejesta ya vyombo vya simu, hadi ilipoondolewa baada ya kupingwa kwa muda mrefu bungeni na mitaani. Mkato ule ulitokana na dola, haukuwa mpango wa zawadi, na haifai kuuchanganya nao. Ila unafundisha jambo moja juu ya amana: mkato ulifika bila kumtaka mteja aamke usiku, abonyeze namba au akubali vigezo. Kilichohitaji juhudi ya mteja ni kile tu kilichokuwa kwa faida yake.

6. Posho, matabishi na nyongeza

Katanga ina kumbukumbu ya kuisaidia fikra hii. Neno posho, kabla ya kufika migodini, lilikuwa neno la misafara: chakula cha siku cha wapagazi. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliwapa wafanyakazi wake posho ya unga na vyakula vingine, na nyumba za kambini, na hasa tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 ilipoamua kuwa na wafanyakazi wa kudumu pamoja na jamaa zao. Posho hiyo ilikuwa sehemu ya ujira. Lakini kwa kuwa ilitoka mkononi mwa tajiri, kwa kipimo chake na kwa siku yake, iliweza kusemwa kama wema wa baba kwa watoto. Malipo yakitolewa kwa namna na kwa saa anayoipanga mlipaji, ni rahisi kuyaita ukarimu. Hilo lilijulikana Lubumbashi zamani kabla ya simu ya mkononi.

Lipo pia neno matabishi, linalojulikana kote Kongo kwa kitu kidogo kinachotolewa juu ya malipo. Asili yake ni Kireno, ambamo maneno ya «kuua mdudu» yalikuwa na maana ya kinywaji cha asubuhi. Matabishi yanaweza kuwa shukrani na yanaweza kuwa rushwa, na wasemaji wanajua kuyatenganisha kwa kuangalia nani ametoa, kwa nani, na hadharani au kwa siri. Neno lisilo na adabu kubwa kama hilo lina ukweli ambao zawadi ya matangazo imeupoteza: halifichi kwamba pana biashara.

Lakini mfano bora wa tuzo ya mteja uko sokoni. Katika soko la mtaa wa Kenya mjini Lubumbashi, kama katika masoko mengine mengi, mama anayeuza unga au maharage hupima, kisha juu ya kipimo huongeza konzi moja kwa yule ambaye humnunulia siku zote. Hiyo ni nyongeza. Ni ya kitu kilekile kilichonunuliwa. Hutolewa palepale, mchana, mbele ya macho ya mnunuzi. Huingia katika kikapu chake na kuanzia hapo ni mali yake. Akitaka atapika, akitaka atampa jirani. Hakuna hongera, hakuna namba ya kubonyeza. Na mama yule akinyima leo, mnunuzi ataiona hasara leo, wala hataambiwa kwamba alichelewa kuidai. Mteja wa soko ana uwezo wa kulinganisha, na muuzaji anajua hivyo.

Nyongeza ya soko na zawadi ya simu zina lengo moja: mteja arudi. Tofauti yake ni kwamba nyongeza hushikika. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba biashara kwa tabia yake haiwezi kutoa vizuri.

7. Upande wa utetezi

Uadilifu wa uhakiki unataka upande wa pili usikilizwe. Mtandao wa simu hujengwa kwa kufuata saa za msongamano, hasa jioni. Usiku wa manane sehemu kubwa ya uwezo wake hukaa bure. Kumpa mteja dakika za usiku kunaigharimu kampuni kidogo sana, na wapo wanaofaidika kweli. Mwanafunzi anayetaka kupakua vitabu au mihadhara huona mega za usiku kuwa msaada, na mlinzi wa zamu huzungumza na jamaa yake wa mbali kwa bei ambayo mchana hangeimudu. Kuziondoa zawadi hizo kwa jina la usafi wa lugha kungekuwa kuwadhuru.

Hoja hiyo ni ya kweli, na inasaidia kulitafuta neno sahihi. Kiswahili kinalo: kiporo, chakula kilichobaki jana usiku na kuliwa asubuhi. Kiporo si aibu. Kimewalisha wengi, na mwenye njaa hakidharau. Lakini mwenye nyumba anayempa jirani kiporo humwambia kwamba ni kiporo, wala hampigii vigelegele. Kosa la kampuni halipo katika kutoa uwezo uliobaki. Lipo katika kuuita karamu, na katika kumtaka aliyeula aonekane mwenye deni la shukrani.

Utetezi wa pili husema kwamba muda wa kikomo ni wa lazima, kwa kuwa hakuna biashara inayoweza kubeba ahadi zisizo na mwisho. Nalo lina uzito. Ila kikomo cha deni hupatanwa na pande zote mbili na hutajwa mwanzoni. Kikomo cha zawadi hutangazwa na mtoaji peke yake, wakati anaotaka. Kwa kuchagua jina la zawadi, kampuni huchagua pia kanuni ya kikomo. Ni dhahiri kwamba neno halikuchaguliwa kwa uzuri wake tu.

8. Hitimisho

Mambo matatu yanafuata kwa anayefundisha, anayejifunza na anayefasiri.

La kwanza ni la sarufi. Tendo lenye sharti liandikwe kwa umbo la sharti. «Ukipiga kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri, hutalipa» ni Kiswahili safi, kifupi na cha kweli. Kinamwambia mteja anachopaswa kujua na kumwachia hiari yake. Saa ziandikwe kwa hesabu ya msomaji. Masharti yapewe nafsi: «mteja atafanya hivi», «kampuni itafanya hivi».

La pili ni la msamiati. Kinachotokana na fedha alizokwisha kulipa mteja hakifai kuitwa zawadi wala tuzo. Yapo maneno ya kawaida yenye ukweli zaidi: rejesho, punguzo, nyongeza, salio la ziada. Na panapokuwa na pointi zilizowekwa kwa muda mrefu, neno amana linangoja. Kampuni itakayosema «amana yako kwetu ni pointi 300» itakuwa imejifunga mwenyewe kwa neno lake. Pengine ndiyo sababu hakuna haraka ya kulitumia.

La tatu ni la wajibu. Mfasiri wa ujumbe wa kampuni hana uwezo wa kubadili bei wala saa. Lakini yeye ndiye anayeamua kama bibi asiyesoma Kifaransa, aliyeletewa simu na mjukuu wake, ataelewa kwamba amepewa kitu, au kwamba ameahidiwa, au kwamba anadai. Maneno hayo matatu yako mbali sana katika Kiswahili. Ujumbe mfupi wa simu umeyasogeza karibu kiasi kwamba watu wanaodai huona haya kudai, wakidhani wanaomba. Kuyatenga tena ni kazi ya wale waliojifunza thamani ya maneno.